Stakabadhi za forodha kabla kontena halijafika: nianze na ipi?

MwokajiKariobangi

Habari zenu, wenzangu. Ninaendesha kiwanda kidogo cha mikate mtaani Kariobangi, na kwa mara ya kwanza nimeagiza mitambo moja kwa moja kutoka China badala ya kununua kwa wauzaji wa hapa Nairobi. Kontena ni la futi 20, na ndani yake kutakuwa na mashine mbili za kukandia unga, mashine moja ya kugawanya madonge, tanuri la umeme lenye ngazi tatu, trei za kuokea na boksi la vipuri. Nimekwisha kulipa arubuni ya asilimia 30, na kiwanda kinasema mzigo utakuwa tayari kupakiwa baada ya wiki tatu hivi.

Kinachonitatiza ni stakabadhi. Wakala mmoja wa forodha niliyezungumza naye ameniambia nitulie, nimpelekee karatasi zote meli ikishatia nanga Mombasa. Mwingine akasema kungoja meli ni kujitafutia gharama, lakini hakunieleza ni karatasi gani ninayoweza kuishughulikia sasa ilhali mzigo wenyewe haujaondoka. Kiwanda nacho kinataka majibu ya maswali matatu: jina la nani liandikwe kama mpokeaji, mzigo uelekezwe Mombasa au Nairobi, na kama ningependa ankara iseme "vipuri vya mashine" kwa bei ya chini, kwa kuwa wateja wao wengine huomba hivyo. Naomba mwenye uzoefu anieleze nianze na nini, na nifuate utaratibu upi.

WakalaEmbakasi

Dada, huyo wakala wa pili amesema kweli. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 kinaruhusu entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, iwasilishwe na kushughulikiwa kabla meli haijafika bandarini, na Mkataba wa Kurahisisha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa namna hiyo. Ruhusa ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi zinazokubaliana zenyewe kwa zenyewe.

Mimi ningeenda mbele zaidi niseme kwamba tarehe ya kuiangalia si ile ya meli kufika, bali ile ya wewe kulipa salio. Leo hii kiwanda kinangoja asilimia 70 ya fedha zako, na kwa sababu hiyo watakujibu usiku huohuo ukiwaomba wabadilishe neno moja kwenye ankara. Ukishalipa na meli ikishang'oa nanga, neno hilohilo litakugharimu barua za maelezo, marekebisho ya manifesti (orodha ya shehena zote za meli), ada ya kampuni ya meli, na siku ambazo kontena limekaa likihesabiwa hifadhi. Andika basi katika makubaliano yenu kwamba salio litalipwa baada ya wewe kuziona na kuzikubali rasimu za ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena (bill of lading). Kiwanda kilichozoea kuuza nje hakitashangaa.

Kuhusu utaratibu, anza na ankara ya makadirio, ile proforma, kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine zote. Kwa hiyo ankara, wakala wako ataomba fomu ya tamko la uagizaji, IDF, katika mfumo wa KenTrade, shirika la serikali linalopokea maombi ya uagizaji kwa mtandao, na hapo mzigo utapata nambari yake ya utambulisho, UCR, itakayoufuata hadi mwisho. Nambari hiyo mpe muuzaji mara moja, kwa maana kampuni itakayokagua bidhaa huko China kwa niaba ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, itaihitaji kabla ya kutoa cheti cha ulinganifu, kile tunachokiita CoC. Ukaguzi huo hufanywa mitambo ikiwa bado kiwandani. Wapo watu wanaoukumbuka mzigo ukiwa tayari baharini, na kwao hakuna njia ya mkato: mzigo unakaguliwa huku kwa gharama zaidi, na entri iliyokuwa tayari inakaa ikingoja.

Sasa nije kwenye msimbo wa HS, yaani nambari ya kimataifa ya kupanga bidhaa, ambao ndio moyo wa jambo lako. Usikubali neno "mashine" peke yake. Mashine za kukandia unga na za kugawanya madonge za kiwandani huingia katika kichwa cha 84.38, lakini tanuri haliingii humo: tanuri la kuokea lisilotumia umeme liko 84.17, na la kiwandani linalotumia umeme liko 85.14. Mashine ndogo ya kukandia ya matumizi ya nyumbani nayo ina kichwa chake katika sura ya 85. Trei zisizokuwa sehemu ya tanuri hupangwa kufuatana na madini yaliyotumika, yaani sura ya 73 kwa chuma au ya 76 kwa alumini, na hizo zinahesabiwa kuwa bidhaa zilizokamilika. Kumbuka kwamba ushuru wa pamoja wa Jumuiya una viwango vya asilimia 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 kikaongezwa cha 35 kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinaweza kutengeneza. Mitambo mingi ya uzalishaji iko kwenye 0. Mtu akiandika "vifaa vya kuokea, seti moja", ofisa wa forodha hana njia ya kutenganisha, na huna haki ya kulalamika akiuliza maswali.

Kama kuna kifaa kimoja ambacho wewe na wakala wako hamkubaliani juu ya msimbo wake, sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna wa Forodha uamuzi wa mapema kwa maandishi. Peleka maelezo, picha na kijitabu cha mtengenezaji. Kwa kontena moja huenda usiuone umuhimu wake, ila ukinuia kuagiza tena mtambo uleule, karatasi hiyo itakuokoa mabishano.

Mhasibu_Ruaraka

Naunga mkono aliyotangulia kuyasema mwenzangu, nami niongeze upande wa hesabu na wa lile swali la ankara ya bei ya chini.

Chukua mfano wa thamani ya Sh1,000,000, ikiwa ni bei ya bidhaa pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Ada ya IDF ni asilimia 2.5, yaani Sh25,000. Tozo ya ustawi wa reli ni asilimia 2 tangu mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, yaani Sh20,000. Ikiwa ushuru wa forodha ni 0, VAT ya asilimia 16 itakuwa Sh160,000, na jumla ni Sh205,000. Ikiwa bidhaa ileile imepewa msimbo wenye ushuru wa asilimia 25, utalipa Sh250,000 za ushuru, kisha VAT itakokotolewa juu ya thamani iliyojumlishwa na ushuru huo na kufikia Sh200,000, na ukiongeza zile ada mbili jumla inakuwa Sh495,000. Tofauti hiyo yote imetokana na maelezo ya mstari mmoja. Ndiyo maana nashangaa watu wanaokesha wakipunguza bei kwenye ankara huku wameacha maelezo ya bidhaa yaandikwe na karani wa kiwanda asiyejua lolote kuhusu Kenya.

Kuhusu ankara ya uongo, jibu la kukipa kiwanda ni hapana, na sababu si maadili peke yake. Forodha huanza na bei halisi uliyolipa, na ikitilia shaka huomba uthibitisho wa benki. Uliituma arubuni kupitia benki, na utatuma salio kupitia benki, kwa hiyo ujumbe wa malipo unasema kiasi gani kimetoka. Ankara ikisema nusu, thamani itapandishwa kwa kulinganishwa na mizigo mingine ya aina hiyo, na juu yake kuna adhabu. Hata mzigo ukipita siku hiyo, vitabu vyako vinaweza kukaguliwa baadaye, na unatakiwa kuhifadhi kumbukumbu za uagizaji kwa miaka mitano. Isitoshe, kuandika "vipuri" wakati ndani ya kontena kuna mashine nzima ni tamko la uongo hata kama bei ingekuwa sahihi.

Lipo kosa jingine dogo linalofanywa na viwanda kwa nia njema: ankara ya mwisho inaandikwa kwa kiasi cha salio tu, kwa kuwa arubuni ilikuwa na ankara yake. Ankara ya forodha lazima ionyeshe bei yote, kisha mstari wa chini useme arubuni ilipokewa tarehe fulani na salio ni kiasi fulani. Ukiunganisha na risiti mbili za benki, hakuna atakayekuuliza zaidi.

Jina la mpokeaji liwe la kampuni yako, kama lilivyo kwenye cheti cha usajili, pamoja na PIN yako ya KRA, mamlaka ya mapato. Usikubali kuingiza mzigo kwa jina la wakala wala la rafiki mwenye "njia". Mkate wa kawaida unatozwa VAT ya kiwango cha sifuri, na hiyo ndiyo iliyozua zogo mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipotaka kuutoza asilimia 16. Maana yake kwako ni kwamba, ukiwa umesajiliwa kwa VAT, ile uliyolipa bandarini unaweza kuidai, mradi entri ina PIN yako na madai yafanywe ndani ya miezi sita. Entri ikiwa kwa jina la mtu mwingine, fedha hizo umempa zawadi.

FundiMitambo_Viwandani

Mimi naleta mitambo ya kusaga na kupakia, na nitasema juu ya vitu viwili ambavyo watu wa ofisini husahau.

Cha kwanza ni kile kibati cha chuma kilichobandikwa ubavuni mwa mashine. Mwombe muuzaji akupigie picha ya kibati cha kila mtambo kabla haujafungwa. Jina la modeli, nambari ya mfululizo na volti zilizoandikwa hapo ziwe zilezile zilizo kwenye ankara na kwenye CoC. Kontena likifunguliwa kwa ukaguzi, ofisa hasomi kijitabu, anasoma kibati. Nimeona mtambo ambao ankara ilisema modeli moja na kibati kikasema nyingine kwa tofauti ya herufi ya mwisho tu, na ikabidi kiwanda kiandike barua ya kueleza kwamba herufi hiyo ni ya rangi. Hakikisha pia volti zinafaa umeme wetu, 240 kwa laini moja na 415 kwa laini tatu, hezi 50. Tanuri likitengenezwa kwa umeme wa nchi nyingine, hata forodha ikiliachilia halitakufaa.

Cha pili ni mbao. Mitambo mizito hufungwa kwenye kreti za mbao, na mbao hizo lazima ziwe zimetibiwa kulingana na kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, ambayo huku kwetu inasimamiwa na KEPHIS, shirika la afya ya mimea. Kreti iliyotibiwa ina muhuri uliochomwa au kupigwa kwa wino: suke la ngano ndani ya kisanduku, herufi za nchi, nambari ya mtengenezaji na herufi HT, maana yake imepashwa joto. Omba picha ya muhuri huo pia. Mashine ni yako, karatasi ni safi, halafu mbao za shilingi mia chache zinakusimamishia kontena.

Msafirishaji_Nyamakima

Wenzangu mmesema vizuri, lakini nina mashaka na mambo mawili. Dada huyu hana sababu ya kulipa ushuru mapema wakati meli iko katikati ya bahari. Fedha hizo angezizungusha kwenye unga na sukari kwa wiki kadhaa. Na kuhusu lile swali la Mombasa au Nairobi, yaani bohari ya makontena ya Embakasi, mimi naona afadhali mzigo uishie Mombasa. Hapo una wakala, una bohari za nje ya bandari, na unapata lori la kuuleta hadi mlangoni. Mzigo ukiingia kwenye treni huna la kufanya ila kungoja ratiba.

WakalaEmbakasi

Ndugu, la kwanza nakubaliana nawe nusu. Kutayarisha entri si sawa na kulipa. Wakala anaweza kuwa na kila kitu tayari, misimbo imekubaliwa, thamani imehesabiwa na CoC iko mkononi, kisha malipo yakafanywa meli ikikaribia na manifesti ikiwa imewasilishwa. Hapo fedha hazikai bure kwa muda mrefu, na pia unapunguza hatari ya kuandaa entri isiyooana na manifesti. Ila kungoja hadi kontena lishushwe, kisha ndipo uanze kutafuta fedha benki, ni jambo jingine kabisa.

Gharama za kuchelewa ni za aina tatu, na wadai wake hawajuani. Kuna ada ya hifadhi inayodaiwa na Halmashauri ya Bandari au bohari ulikolala mzigo, na kuna demareji ya kampuni ya meli kwa kukaa na kontena lake. Kila mmoja ana siku zake za bure na saa yake ya kuanzia kuhesabu. Aina ya tatu huja mzigo ukikaa sana bila kuondolewa: forodha huuhamishia ghala lake, kisha hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba usipoondolewa ndani ya siku 30 utapigwa mnada. Siku za bure za kampuni ya meli ndizo unazoweza kuzijadili, na wakati wa kuzijadili ni nafasi ya melini inapokatwa. Dada, kama unanunua kwa FOB, yaani bei ya muuzaji inaishia mzigo unapopakiwa melini, na nafasi ya melini unaikata mwenyewe, sema na wakala wa meli hapa Nairobi. Kama muuzaji ndiye anayelipa nauli, mwambie aziombe kwa maandishi na zionekane kwenye hati ya shehena.

Kuhusu Mombasa au Embakasi, hoja ya ndugu ni ya mtu mwenye mizigo ya kuchanganya, inayogawanywa kwa wateja wengi, na kwake yeye ni hoja nzuri. Kwa kontena zima la mteja mmoja aliye Kariobangi, mimi napendelea hati ya shehena iandikwe moja kwa moja hadi bohari ya Embakasi. Mzigo unaletwa kwa reli, unakaguliwa hapa, na mwenyewe au fundi wake anaweza kuwapo kontena likifunguliwa. Mashine ngeni ikizua swali, jibu la mwenye mali aliyesimama pale huokoa barua nyingi. Lakini uamuzi ufanywe sasa, kwa sababu kubadilisha mwisho wa safari baada ya hati kutolewa kunagusa manifesti.

MwokajiKariobangi

Nawashukuru sana. Nimekiandikia kiwanda kwamba ankara itasema ukweli na bei kamili, na wamekubali kunionyesha rasimu kabla ya salio. Nimebakiwa na maswali mawili. Bei tuliyokubaliana ni ya FOB katika bandari ya Ningbo, China, je, bima niikate wapi? Na katika rasimu ya hati ya shehena, ni vitu gani hasa nivikague, kwa kuwa ile ya mfano waliyonitumia imejaa maandishi madogo?

Mhasibu_Ruaraka

Bima ikate hapa nchini. Sheria ya Bima ya Kenya inataka bima ya shehena za baharini itolewe na kampuni yenye leseni nchini, na matakwa hayo yalianza kusimamiwa kwa dhati mwaka 2017. Ikate kabla mzigo haujapakiwa, kwa thamani iliyo kwenye ankara. Cheti chake kitatumika pia kuthibitisha gharama ya bima katika hesabu ya thamani ya forodha, sawa na ankara ya nauli, ambayo usisahau kuidai kwa aliyekukatia nafasi ya melini.

WakalaEmbakasi

Maandishi madogo ya nyuma yaache. Soma visanduku vya mbele. Jina la mpokeaji na PIN viwe kama vilivyo kwenye IDF, herufi kwa herufi, bila vifupisho vya karani. Mtu wa kuarifiwa awe wakala wako, pamoja na simu inayopatikana. Mwisho wa safari uandikwe bohari ya Embakasi, Nairobi, ukishaamua hivyo. Idadi ya vifurushi na uzito mzima vilingane na orodha ya vifurushi. Wakisema vifurushi 14 mahali pamoja na 15 pengine, warudishie. Nambari ya kontena na ya lakiri utaziona baada ya kupakia, na hizo zilinganishe na picha ya mlango uliofungwa.

Maelezo ya mzigo yawe hivi: mashine za kukandia unga za kiwandani, mbili, mashine ya kugawanya madonge, moja, tanuri la umeme la kuokea, moja, trei za kuokea, kwa idadi yake na aina ya madini, vipuri vya mashine hizo, kwa uzito. Kila mstari uwe na msimbo wake na bei yake kwenye ankara. Vipuri vitenganishwe hata kama muuzaji anasema anavitoa bure, kwa maana kitu cha bure nacho kina thamani forodhani.

Kisha amueni jinsi hati itakavyokufikia. Ukichagua hati halisi ya karatasi, lazima itumwe kwa kurieri na ifike kabla ya meli, la sivyo hutapewa kibali cha kuchukua mzigo. Wengi wanaolipa salio kabla ya meli kufika huomba mzigo uachiliwe kwa njia ya kielektroniki, na kwa kontena lako naona hiyo inatosha. Uliza pia kontena tupu litarudishwa wapi, Nairobi au Mombasa, na amana yake ni kiasi gani, kabla hujakubaliana bei na mwenye lori.